MAMA WA WALIOTUPWA
Ukumbusho wa Bi Bilquis Edhi wa Karachi, na hukumu ya mtoto aokotwaye

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu kwa tone la maji dhaifu, akamwekea maziwa katika kifua cha mamake kabla hajajua kuomba. Sala na salamu zimshukie Bwana Mtume Muhammad, aliyezaliwa yatima akalelewa kwa mikono ya watu, na ziwashukie ahali zake na sahaba zake wote. Ama baad.

Imepokewa katika hadithi sahihi, kwa Imam Bukhari na Imam Muslim, yakwamba palikuwa na mwanamke mweusi Madina, kazi yake kufagia msikiti wa Mtume. Mwanamke huyo akafa, wakamzika, wala hawakumpa Mtume khabari, kana kwamba waliliona jambo lake kuwa dogo. Mtume alipokosa kumwona akauliza, akaambiwa amekwisha kufa. Akawalaumu kwa kutomwarifu, akataka aonyeshwe kaburi lake, akaenda akamsalia. Wanavyuoni wa madhhab ya Shafii wameishika hadithi hii kuwa ni dalili ya kujuzu kumsalia maiti kaburini kwa aliyekosa kumsalia kabla ya kuzikwa. Walakini ndani yake mna ilimu nyingine, nayo ni kuwa aliyewakhudumia watu hasahauliwi kwa sababu ni mwanamke, au kwa sababu kazi yake ni ya ufagio na si ya upanga wala ya mimbari. Mtume hakuuliza kabila ya mwanamke yule wala mali yake. Aliuliza yuko wapi.

Kwa mwendo huo ni haki Waislamu wa pwani wamkumbuke Bi Bilquis Edhi wa Karachi, aliyefariki siku ya Ijumaa, 15 Aprili 2022, katika mwezi wa Ramadhani wa mwaka 1443, akazikwa katika mji huo aliowatumikia watu wake kwa zaidi ya miaka 50.

Bibi huyu alizaliwa mwaka 1947 katika jamaa ya Wamemoni wa Bantva, mji wa Kathiawar, upande wa Gujarati. Wamemoni si wageni kwa watu wa pwani hii, kwani jamaa zao wamekaa na kufanya biashara katika miji yake tangu zamani. Mwaka huohuo alipozaliwa, Bara Hindi lilikatwa pande mbili, na watu wengi wa Bantva wakahamia Karachi, naye akakulia huko. Alikuwa bado msichana alipoingia kujifunza uuguzi katika zahanati ndogo ya mtaa wa Mithadar, iliyofunguliwa mwaka 1951 na mtu wa jamaa hiyohiyo ya Wamemoni, jina lake Abdul Sattar Edhi. Mwaka 1966 bwana huyo akamwoa. Husimuliwa katika khabari zao yakwamba usiku wa harusi aliletwa zahanatini mtoto wa kike aliyeumia kichwa vibaya, nao bwana na bibi harusi wakaacha yao wakashika ya mtoto yule. Basi hiyo ndiyo iliyokuwa fungate yao, na maisha yao yote yalikwenda kwa mwendo huo.

Kazi wakagawana. Bwana alishika magari ya kuchukulia wagonjwa na maiti, ambayo mwisho yalienea Pakistani nzima, na bibi akashika ya wanawake na watoto: nyumba ya uzazi, makao ya wanawake waliofukuzwa na waume au jamaa zao, malezi ya mayatima, na kuwapatia watoto wasio na watu majumba ya kukaa. Mali waliyotumia ilikuwa sadaka na zaka za watu. Fedha ya serikali hawakutaka, na wao wenyewe walikaa maisha ya kujinyima, ilhali mikononi mwao yakipita mamilioni. Mwaka 1986 wote wawili walipewa tuzo ya Ramon Magsaysay, itolewayo katika nchi ya Ufilipino. Bwana Edhi alifariki mwaka 2016, na bibi akaendelea na kazi mpaka akafa.

Katika yote aliyoyafanya, moja ndilo lililomtambulisha kwa watu, nalo ni susu. Nje ya vituo vyao, karibu na mlango, liliwekwa susu la kulazia mtoto mchanga, na pamoja nalo ubao wenye maneno ya kumsihi mtu asiongeze dhambi juu ya dhambi kwa kuua, bali amwache mtoto pale. Mwenye kuleta mtoto hakuulizwa jina lake, wala hakufuatwa nyuma, wala hakushitakiwa. Masusu hayo yalizidi 300 katika nchi ile, na khabari zilizoandikwa alipofariki zilitaja watoto zaidi ya 42,000 waliookoka kwa njia hiyo. Wengi wao walikuwa wasichana. Katika waliotupwa wamo waliozaliwa nje ya ndoa, wamo waliotupwa kwa ufukara, na wamo ambao kosa lao lilikuwa moja tu, kuzaliwa mwanamke katika nyumba iliyokuwa ikingojea mwanamume.

Ewe ndugu, usidhani ya kuwa jambo hili lilipita bila ya maneno. Walitokea watu, na katika hao wamo wenye vilemba, wakasema: susu hili laifungulia zinaa mlango. Mwanamke akijua kuwa pana pa kumweka mtoto, ataogopa nini? Na watoto hawa ni wana wa haramu, kwa nini waheshimiwe kama wana wa halali?

Maneno haya husemwa katika barza za pwani pia, na pengine husemwa na watu wasiopitwa na sala ya jamaa. Basi yafaa yapimwe kwa mizani ya sharia, si kwa mizani ya hasira.

Kwanza, zinaa ni katika madhambi makubwa, na hapana Mwislamu ashukuye hilo. Lakini dhambi ni ya aliyeitenda. Mwenyezi Mungu amekwisha kubainisha katika Kitabu chake, mahali pengi, yakwamba hapana nafsi ibebayo mzigo wa nafsi nyingine. Mtoto hakuwako siku ile ilipotendwa dhambi. Yeye ametokea baada yake, kwa kudura ya Mola, kama atokeavyo mtoto wa kadhi na mtoto wa sultani, uchi, akilia, hajui lolote. Amwadhibuye kwa jambo la wazazi wake amehukumu kinyume cha hukumu ya Mwenyezi Mungu.

Pili, tazama alivyofanya Mtume mwenyewe, kama ilivyo katika Sahihi Muslim. Mwanamke wa kabila ya Ghamid alikwenda kwake akakiri zinaa naye ana mimba, akataka asafishwe kwa hukumu. Mtume hakuipitisha hukumu. Alimrudisha hata azae. Alipozaa akarudi na mtoto wake, akarudishwa tena hata amwachishe maziwa. Akaja mara ya tatu, na mtoto ana kipande cha mkate mkononi. Hapo Mtume akampa mtoto yule mtu katika Waislamu amlee, ndipo hukumu ikapita. Zingatia, ewe mwenye akili! Hukumu nzito kama hiyo ilisimamishwa miezi na miezi kwa ajili ya haki ya mtoto ambaye watu wa barza wangemwita mwana wa haramu. Na alipokuwa hana tena wa kumlea, hakuachwa njiani, bali alitafutiwa mlezi mbele ya Mtume. Ikiwa Mtume alimchelewesha mama kwa ajili ya mtoto, nani leo aliye na ghera ya dini kupita ghera yake, hata aone vizuri mtoto afe ili mama aone haya?

Tatu, wasemao kuwa susu lafungua mlango wa zinaa hawakufikiri wakati wake. Susu haliko usiku wa dhambi. Liko baada ya miezi tisa, saa ambayo mtoto amekwisha kuzaliwa na mama amesimama baina ya njia mbili, kuua au kutoua. Mwenye kuondoa susu hakuizuia zinaa, aliloliongeza ni kuua. Na Qur-ani imetaja siku ambayo mtoto wa kike aliyefukiwa mzima ataulizwa ni kwa dhambi gani aliuawa. Atakayeulizwa ni mtoto, ili mwenye kumwua afedheheke mbele ya viumbe wote. Waarabu wa jahiliya walifukia katika mchanga. Mwenye kutupa mtoto jaani, au katika shimo la choo, au ufukoni maji yakija yamchukue, amefanya kitendo kilekile, ijapokuwa jina lake ni jina la Kiislamu.

Ama hukumu ya mtoto aokotwaye, ambaye kwa Kiarabu huitwa laqit, imeelezwa waziwazi katika vitabu vya fikihi, na Imam Nawawi ameiwekea mlango wake katika Minhaj. Kumwokota ni faradhi ya kifaya. Maana yake, akiwako mmoja wa kumtwaa, waliobaki wameokoka, na wasipomtwaa wote mji mzima una dhambi, maimamu wake na matajiri wake na mabaharia wake. Na mwanamke aweza kuwa mwenye kuokota kama mwanamume, akiwa na sharti zake, nazo ni uislamu kwa mtoto aliyehukumiwa kuwa Mwislamu, na utu uzima wenye akili, na uadilifu, na uongofu katika mali.

Ni wajibu pia kushuhudisha, yaani mwenye kuokota awajulishe watu yakwamba amemwokota, ili mtoto asije akapotezewa uhuru wake, wala nasaba yake, wala mali yake. Katika nchi za leo kushuhudisha huku kwaingia ndani yake kuwapa khabari wakuu wa serikali, mtoto aandikwe na ajulikane. Mtu asimfiche ndani akamfanya mtumishi wake.

Akikutwa na mali, fedha iliyofungwa katika nguo zake au chochote kilichowekwa pamoja naye, mali hiyo ni yake na hulishwa kwayo. Akiwa hana kitu, matumizi yake ni juu ya Baitul-mali. Ikiwa Baitul-mali haina, ni juu ya Waislamu wamtimizie haja zake. Wanavyuoni wamekhitalifiana tu kama kile watoacho huhisabiwa kuwa ni mkopo au ni nafaka. Ama kumwacha na njaa, hapana aliyekusema. Na imepokewa na Imam Malik katika Muwatta yakwamba mtu mmoja aliokota mtoto katika zama za Sayyidna Umar, akaenda naye kwake. Umar alipojua kuwa mtu yule ni mwema akamwachia amlee, akahukumu kuwa mtoto ni huru, na matumizi yake akayachukua juu ya mali ya Waislamu. Umar hakuuliza mamake nani.

Limebaki jambo moja ambalo wengi hulikosea, na hulikosea kwa huruma. Kumlea mtoto ni jambo moja, na kumpa nasaba isiyokuwa yake ni jambo jingine. Zayd bin Haritha aliitwa Zayd mwana wa Muhammad, mpaka zikateremka aya za Sura ya Ahzab kuamrisha watu waitwe kwa baba zao, na wale ambao baba zao hawajulikani, hao ni ndugu katika dini. Basi mlezi ni mlezi. Mtoto harithi kwake kama arithivyo mwana wa damu, na akibaleghe mipaka ya mahram hushikwa. Lakini sharia haikuacha mlango umefungwa. Mtoto akinyonyeshwa kabla hajatimiza miaka miwili, mara tano zilizopambanuka, kwa madhhab ya Shafii, huwa mwana wa mwenye kunyonyesha na mahram wa nyumba ile. Na mwenye mali aweza kumuusia katika thuluthi yake, au kumpa hiba naye yu hai. Kwa njia hizi mtoto hupata mapenzi na mali na sitara, na nasaba za watu zikasalimika. Hivyo ndivyo sharia ikusanyavyo baina ya rehema na haki.

Bi Bilquis hakukaa darasani kufasiri milango hii. Alichokifanya ni kukesha. Mtoto aliyeletwa usiku alioshwa, akavikwa, akapewa jina na maziwa. Mke na mume waliokuja kutaka mtoto walipimwa hali yao kwanza, kwani mtoto si bidhaa wala si pambo la nyumba. Na palikuwapo msichana kiziwi na bubu kutoka India aliyepotea akaingia Pakistani angali mdogo, hana wa kumjua. Bi Bilquis alimlea kwa miaka mingi katika makao yale. Ilipobainika kuwa ni Banyani, hakumlazimisha kubadili dini yake, bali alimwacha aabudu alivyojua, kwani Mwenyezi Mungu amekataza kulazimishana katika dini. Mwaka 2015 msichana yule akarudishwa kwao salama. Mwenye kutaka kujua Uislamu humfanya nini mtu moyoni mwake, na aitazame amana hiyo ilivyorudishwa.

Basi, enyi wanaume wa pwani, khabari hii ya mwanamke wa Karachi yawahusuni kwa sababu ya yale yafanywayo katika miji yenu. Mtoto akikutwa ametupwa, mji mzima humtafuta mama. Watu huuliza ni binti wa nani, na alikuwa akitoka na nani, na jina lake huzungushwa kwenye kahawa hata jamaa zake wakahama mtaa. Na baba je? Mtoto hakutoka mwituni. Yuko mwanamume aliyekuwa radhi usiku, na asubuhi akakana. Pengine ameketi palepale barzani akisikia jina la yule binti likitukanwa, naye anasonya pamoja na wasonyao. Huyo hakuna ubao uliomsihi, wala hakuna kahawa iliyomtaja. Lakini Malaika wawili hawakupitwa na jina lake. Mwanamume kama huyo, njia yake ni toba ya kweli, na katika ukweli wa toba ni kuyaondoa madhara aliyoyaleta. Nasaba kwa njia ya zinaa haithibiti katika madhhab, ndiyo. Lakini hapana kitabu kilichomkataza kutoa sadaka ya siri ili kiumbe aliyemsababisha asife njaa.

Wahenga wa pwani walisema, kitanda hakizai haramu. Asili ya maneno haya ni hukumu ya sharia, kwamba mtoto ni wa kitanda cha ndoa, na ndimi za watu zinyamaze. Hukumu hiyo imewekwa kusitiri. Basi yawaje watu wa mji ulioifahamu sitara hata wakaitia katika methali, leo wawe wepesi wa kulitupa neno la haramu juu ya kichwa cha mtoto wa chuoni? Mwalimu wa chuo amwulizapo mtoto, wewe mwana wa nani, na mtoto akainamisha uso, mwalimu mwenye hekima husema, wewe ni ndugu yetu, soma. Na wenziwe wakimcheka, fimbo ni juu ya wenye kucheka.

Wala asiseme mtu, kazi ya watoto ni kazi ya wanawake. Bwana Mtume alilelewa na Ummu Ayman na Fatima binti Asad, na hakuwasahau maisha yake yote. Lakini pia aliyemtwaa nyumbani kwake alikuwa mwanamume, Abu Talib, maskini mwenye wana wengi. Imam Shafii aliyezaliwa Gaza mwaka 150 wa Hijra alifiwa na babake angali mchanga, mamake akamchukua mpaka Makka, naye hana mali. Lau mwanamke yule angekosa wa kumsaidia, au mtoto angeachwa apotee, vyuo vya pwani hii vingesoma madhhab ya nani? Hapana ajuaye ni kitu gani kilichofungwa ndani ya nguo za mtoto mmoja. Na Mwenyezi Mungu amekwisha kusema yakwamba mwenye kuiokoa nafsi moja ni kama aliyewaokoa watu wote.

Katika miji hii mna nyumba na mashamba ya minazi yaliyowekwa wakfu kwa ajili ya misikiti, mafuta ya taa na mikeka na visima. Hayo ni mema, na thawabu zake zawafikia waliokwisha kuzikwa. Je, ni wakfu ngapi zilizowekwa kwa ajili ya mtoto aokotwaye? Mtu mmoja akitoa chumba, na mwingine akitoa maziwa ya mwezi, na mwanamke mwenye ilimu ya ukunga akitoa saa zake, na imam akawatangazia watu siku ya Ijumaa ni wapi pa kupeleka mtoto pasipo kuulizwa maneno ya kufedhehesha, hiyo faradhi ya kifaya itakuwa imesimama. Mambo hayo hayataki utajiri. Zahanati ya Mithadar ilianza ndogo.

Mtume amewabashiria wenye kulea mayatima kuwa watakuwa naye Peponi kwa ukaribu wa kidole cha shahada na cha kati, akavionyesha vidole vyake. Mtoto aliyefiwa na babake ni yatima, na aliyetupwa ni zaidi yake, kwani yatima ana kaburi la kulizuru na jina la kulitaja, na huyu hana hata hilo.

Mwenyezi Mungu amrehemu Bi Bilquis na mumewe, ayapokee waliyoyatenda, ayasamehe waliyoyakosa. Kila mtoto aliyelazwa katika masusu yale na amfanye kuwa shahidi wao Siku ya Kiyama. Mwenyezi Mungu awasitiri mabinti wa Waislamu, awaongoze vijana wao kwenye halali, awape wazee wao ndimi zenye kusitiri na mikono yenye kutoa, wala asiufanye mji wowote wa pwani hii kuwa ni mji uliolala mtoto akilia nje.

Amin. Wa sallallahu ala Sayyidina Muhammad wa ala alihi wa sahbihi wa sallam.